Mswahili, mlokole, kafiri: Maneno ya imani na asili yanamaanisha nini hasa?

MTU aulizwapo nchini Kenya yeye ni nani, jina lake pekee kwa kawaida halitoshi. Muulizaji hutaka kujua pia kabila lake, dini yake na mahali alikozikwa babu yake. Majibu hutolewa kwa maneno ambayo kila mmoja hudhani anayaelewa: Mswahili, Mwislamu, Mkristo, mlokole, mtu wa bara, asiye na dini. Hakuna anayejisumbua kuyatafuta katika kamusi kwa kuwa ni maneno ya kila siku.

Ugumu wake hujitokeza pale watu wawili wanapolitumia neno moja huku kila mmoja akiwa na maana yake. Mzee wa Lamu anapojiita Mswahili, husudi yake ni ukoo, mji na lugha aliyolelewa nayo. Mkazi wa Nyeri anapomwita jirani yake Mswahili, huenda ana maana tu kwamba jirani huyo huvaa kanzu siku ya Ijumaa.

Ukiyachunguza kwa makini, maneno ya aina hii hupima mambo manne. La kwanza ni nasaba, yaani mtu amezaliwa na nani. La pili ni imani, yaani anakiri nini moyoni na kwa kinywa. La tatu ni mwenendo, yaani anaishi vipi mbele ya wenzake. La nne ni hati, yaani serikali imemwandika vipi katika madaftari yake. Neno moja huweza kubeba vipimo viwili, vitatu au vyote vinne, na msemaji asitaje ni kipi anachokitumia.

Mara nyingi mkanganyiko huo huishia kwenye mabishano ya barazani. Lakini historia ya Kenya inaonyesha kwamba umewahi pia kuwanyima watu kitambulisho, urithi, mahali pa kuzikwa na hata uhai.

Mswahili

Neno hili linatokana na Kiarabu 'sawahil', wingi wa 'sahil', yaani pwani. Kwa hivyo hapo mwanzo lilikuwa jina la mahali, na walilitoa wageni. Wenyeji wenyewe kwa karne nyingi walijitambulisha kwa miji yao: Waamu wa Lamu, Wapate, Wasiu, Wamvita wa Mombasa, Wavumba wa Vanga. Hadi leo wapo wazee ambao wakiulizwa asili yao hutaja mji kabla ya kutaja Uswahili.

Utawala wa Waingereza ulilifanya neno hilo kuwa zito. Sheria za kikoloni za kodi na za kura ziliwapanga watu kwa safu, na Mwarabu akawekwa juu ya yule aliyeitwa 'mwenyeji'. Chini ya mpango huo, kutaja nasaba ya Uarabuni kulikuwa na faida ya wazi, na kujiita Mswahili kulikuwa na hasara. Si ajabu basi kwamba koo nyingi za pwani zilisisitiza upande mmoja wa asili yao na kuunyamazia mwingine. Baada ya uhuru upepo uligeuka, na wale wale waliodai Uarabu wakaambiwa kwamba wao ni wageni.

Mnamo Machi 2023, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi (DNA) kutoka kwa mabaki ya watu 80 wa kale. Baadhi yao walizikwa Mtwapa, Manda na Faza nchini Kenya, na wengine Kilwa nchini Tanzania. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba watu wa Afrika na wa Uajemi walianza kuchanganyika pwani takriban mwaka 1000. Asili ya Kiafrika ilitokana zaidi na akina mama, na ya Kiajemi ikatokana zaidi na akina baba. Masimulizi ya wazee kuhusu mababu wa Shirazi hayakuwa hadithi tupu. Vilevile, wale waliosema kwamba Mswahili ni Mwafrika hawakukosea.

Hata hivyo, nasaba si kipimo pekee cha neno hili. Bara, 'Mswahili' mara nyingi hutumiwa kumaanisha Mwislamu yeyote mweusi asiyekuwa Msomali, hata akiwa Mluhya wa Mumias. Nchini Tanzania 'uswahilini' ni mitaa ya watu wa kawaida iliyosongamana. Katika nchi zote mbili, mtu akimwambia mwenzake "acha uswahili", hamkatazi kusema Kiswahili. Anamkanya dhidi ya maneno mengi, ujanja na ahadi zisizotimizwa. Hapo neno limeacha nasaba na imani likawa la mwenendo, na mwenye jina lake hubaki akitukanwa bila ya mtukanaji kujua.

Kabila na taifa

Watu wengi huyachukulia maneno haya mawili kuwa ya asili na yasiyobadilika. Ukweli ni kwamba yote mawili yametoka katika Kiarabu na yamebadilisha maana mara kadhaa.

Mombasa ya zamani ilijulikana kwa Thenashara Taifa, yaani mataifa 12 yaliyogawanyika katika makundi mawili, Tisa Taifa na Thalatha Taifa. Taifa hapo lilikuwa jamii yenye wazee wake na mtaa wake ndani ya mji. Leo neno hilo hilo hutumiwa kuitaja nchi nzima. Kijana anayesoma historia ya Mombasa bila ya kujua hilo aweza kudhani kisiwa hicho kilikuwa na nchi 12.

'Kabila' nalo limekuwa neno la hati. Kwa muda mrefu Wakenya walizoea kusema kwamba nchi yao ina makabila 42, kana kwamba hesabu hiyo iliteremka kutoka mbinguni. Lakini mnamo Oktoba 2016, Wamakonde walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho. Wazazi wao walikuwa wametoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na watoto na wajukuu wao hawakuwa raia wa popote. Walipotambuliwa, wakaitwa kabila la 43. Mnamo Julai 2017, Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Washona walitangaziwa uraia mnamo Desemba 2020, nao Wapemba wakatambuliwa mwaka wa 2023.

Mfano wa Washona unastahili kuangaliwa kwa makini. Waliingia Kenya katika miaka ya 1960 wakitoka nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Hawakuja kama kabila bali kama waumini wa kanisa moja waliokuja kuhubiri. Kilichowaleta ni imani, na kilichowapa vitambulisho miaka 60 baadaye ni nasaba. Mwana wa mhubiri alipata haki zake alipoandikwa kama mtu wa kabila.

Wanubi nao wana kisa chao. Ni kizazi cha wanajeshi wa Sudan walioletwa na Waingereza, na jina la Kibera latokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Kwa miongo mingi walihesabiwa kama wageni katika nchi waliyozaliwa. Mnamo mwaka wa 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mnamo 2017 jamii hiyo ilipewa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi Kibera.

Yupo pia 'Mhindi'. Kwa Wakenya wengi neno hili humtaja yeyote mwenye asili ya Bara Hindi, awe Mwislamu, Kalasinga, Mjaini au Mkatoliki wa Goa. Mhindu, ambaye pwani huitwa Banyani, ni mfuasi wa dini ya Kihindu, na sensa ya 2019 iliwahesabu Wahindu 60,287 pekee nchini. Mhindi ni nasaba, Mhindu ni imani, lakini mazungumzo ya mitaani mara nyingi huwatia katika chungu kimoja.

Kesi iliyolipima neno kabila kwa uzito zaidi ni ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulishikilia kwamba sharti azikwe Nyalgunga, Siaya. Upande wa mjane ulieleza kwamba marehemu alikuwa Mkristo, msomi na mtu wa mjini aliyejiweka mbali na mila. Upande wa ukoo ulisema kwamba mtu huzaliwa Mluo na hufa Mluo. Mnamo Mei 1987, Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, na maiti ikazikwa zaidi ya miezi mitano baada ya kifo. Mjane alikuwa amepima kwa mwenendo na imani, ukoo ukapima kwa nasaba, na mahakama ikalazimika kuchagua kipimo kimoja.

Mwislamu

Kwa mujibu wa mafundisho ya dini, jibu ni jepesi: Mwislamu ni yule aliyetoa shahada, akikiri kwamba hakuna Mola ila Mwenyezi Mungu na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Si suala la rangi wala ukoo. Mkikuyu aliyesilimu jana ni Mwislamu sawa na sharifu wa Lamu.

Katika ofisi za serikali mambo hayakuwa hivyo. Kwa miaka mingi, kijana aliyeitwa Abdi au Fatuma alipokwenda kuomba kitambulisho alitakiwa kupigwa msasa mbele ya jopo la wazee na maafisa. Mwenzake aliyeitwa Kamau au Achieng' alipeleka cheti cha kuzaliwa na kuondoka. Jina, ambalo ni alama ya imani, lilichukuliwa kuwa ushahidi wa uraia wa kigeni. Wakenya wenye asili ya Kisomali walikwisha kuonja hali hiyo mnamo 1989, serikali ilipowasajili upya na kuwapa kadi za ziada za rangi ya waridi. Mnamo Februari 2025, rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mipakani ungekomeshwa.

Kwingineko neno hilo limekuwa suala la kufa na kupona. Mnamo Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab walilisimamisha basi huko Mandera, wakawatenga abiria na kuwaua watu 28. Walioshindwa kusoma maneno ya dini waliyotakiwa kuyasoma walihesabiwa kuwa si Waislamu. Shahada, ambayo ni ungamo la moyo, iligeuzwa kuwa mtihani wa kinywa mbele ya bunduki.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, basi jingine lilisimamishwa katika kaunti hiyo hiyo. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo, wakakataa. Baadhi ya akina mama waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Miongoni mwa waliokataa kujitenga alikuwa mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi na kufariki Januari 2016, kisha akatunukiwa nishani ya taifa. Siku hiyo katika barabara ile kulikuwa na maana mbili za neno Mwislamu. Moja ilishikwa na wenye bunduki, nyingine na abiria.

Mahakamani, neno hili lina mipaka yake mahususi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba Mahakama ya Kadhi itashughulikia masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi iwapo pande zote zinakiri dini ya Kiislamu na zinakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Maneno muhimu hapo ni 'kukiri' na 'kukubali'. Katiba haiulizi babu alikuwa nani wala jina ni lipi. Mnamo Juni 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi kwa sababu ya jinsi walivyozaliwa. Uamuzi huo ulizua mjadala mkali miongoni mwa Waislamu, kwani uligusa swali la nani hasa huingia katika familia na kwa kipimo gani.

Mkristo na mlokole

Sensa ya 2019 iliwapanga Wakristo katika mafungu kadhaa. Wakatoliki walikuwa takriban milioni 9.7, Waprotestanti milioni 15.8, wa makanisa ya kiinjili milioni 9.6, na wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika milioni 3.3. Ukijumlisha, Wakenya zaidi ya wanane katika kila kumi waliandikwa Wakristo. Hiyo ni hesabu ya hati. Haisemi ni wangapi huingia kanisani, wala ni wangapi ambao majirani zao wangewaita Wakristo.

Hapa ndipo neno 'kuokoka' linapoingia. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianza Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika Kenya mnamo 1937. Wafuasi wake waliitwa Balokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookoka, na ndilo lililozaa 'mlokole' katika Kiswahili. Watu hawa tayari walikuwa wamebatizwa. Walichodai ni kwamba ubatizo na jina la kizungu havimfanyi mtu kuwa Mkristo hadi atubu hadharani na maisha yake yabadilike. Kwa maneno mengine, walihamisha kipimo kutoka kwenye hati hadi kwenye imani na mwenendo.

Gharama ya kipimo hicho ilionekana wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950. Katika Kikuyu waliookoka waliitwa 'ahonoki', na wengi wao walikataa kula kiapo. Wapo waliouawa kwa ajili hiyo. Kwa wapiganaji, kukataa kiapo kulikuwa kuikana nasaba na ardhi. Kwa muumini, kula kiapo kulikuwa kuikana imani.

Siku hizi "nimeokoka" ni kauli isikikayo kila mahali, kuanzia kwenye matatu hadi kwenye majukwaa ya siasa, na maana yake imepanuka mno. Mara ina maana ya toba. Mara ina maana ya kuacha pombe tu. Mara nyingine ni jina la aina ya kanisa, ndiposa Mkatoliki mcha Mungu akiulizwa kama ameokoka husita: akisema ndiyo, atadhaniwa amehama kanisa; akisema la, atadhaniwa hamjui Mungu. Nalo 'mlokole' lina kejeli ndani yake. Anayelitamka aghalabu humtaja mtu anayejionyesha mwema kupita wenzake.

Dini, mila na 'asiye na dini'

Wahubiri wa kwanza walipotafsiri Biblia katika lugha za wenyeji, walilihitaji jina la Mungu na wakalikuta tayari lipo. Biblia ya Kikuyu humwita Ngai, ya Kiluo Nyasaye, na ya Kigiriama Mulungu. Jina lilichukuliwa likatakaswa, ila waliokuwa wakilitaja tangu kale wakaambiwa kwamba hawana dini, wana mila tu.

Tofauti hiyo ya 'dini' na 'mila' haikuwa ya lugha pekee. Elijah Masinde wa Kimilili aliongoza Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, akilichagua neno 'dini' kwa makusudi ili kudai kwamba ibada ya mababu ina hadhi sawa na ile ya misheni. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mnamo 1948. Hata baada ya uhuru, serikali ya Kenya iliipiga marufuku tena mnamo 1968. Kinyume chake, mnamo 2008 misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda ilitiwa katika orodha ya turathi za dunia ya shirika la UNESCO. Kilichokuwa kikiitwa ushirikina sasa kililindwa, lakini kililindwa kama utamaduni.

Mfano wa karibuni ni wa neno 'rasta'. Mitaani ni mtindo wa nywele. Mnamo Septemba 2019, Mahakama Kuu ilipokea malalamishi ya msichana aliyefukuzwa shuleni kwa sababu ya nywele zake, ikaamua kwamba Urastafari ni dini na kwamba mwanafunzi huyo arudi darasani. Wakuu wa shule walikuwa wameona mwenendo. Mahakama iliona imani.

Fungu linaloeleweka vibaya kuliko yote ni la wasio na dini. Sensa ya 2019 iliandika watu 755,750 katika safu moja iliyowajumuisha wasio na dini na wasioamini kuwapo kwa Mungu. Hao ni watu wa namna mbili tofauti kabisa. Mzee wa kijijini ambaye hakubatizwa wala hakusilimu, lakini humwomba Mungu kila alfajiri, aweza kusema hana dini. Msomi wa mjini anayekanusha kuwapo kwa Mungu naye husema vivyo hivyo. Wafuasi wa dini za jadi walikuwa na safu yao, nayo ilikuwa na watu 318,727. Ni vigumu kujua ni wangapi wa namna ya yule mzee walioangukia safu hii au ile.

Kafiri, mshenzi na mtu wa kuja

'Kafiri' ni neno la elimu ya dini. Katika Kiarabu mzizi wake una maana ya kufunika, na humtaja anayeikataa kweli baada ya kuijua. Uislamu una jina jingine kwa Wayahudi na Wakristo, nalo ni Watu wa Kitabu. Katika midomo ya watu tofauti hizo hupotea, na kafiri huwa ni yeyote asiyekuwa Mwislamu, hata yeyote asiyependwa. Nchini Afrika Kusini neno hilo lilihama kabisa kutoka kwenye imani hadi kwenye rangi, likawa tusi la Mzungu dhidi ya Mweusi.

Kiswahili kina maneno mengine ya kumtenga mtu. 'Mshenzi' hapo kale alikuwa mtu wa bara asiyekuwa wa mji wala wa dini. Wamijikenda waliitwa Wanyika, watu wa porini, hadi walipojichagulia jina lao wenyewe katika miaka ya 1940. Upande wa pili wa ushenzi ni 'ustaarabu', neno lililotokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifananisha na Waarabu. Kabla yake miji ya pwani ilitumia zaidi 'uungwana'. Mabadiliko ya neno hilo katika karne ya 19, wakati wa utawala wa masultani wa Zanzibar, yanaonyesha ni nani aliyekuwa kigezo cha heshima wakati huo. Leo hii mwalimu anayewahimiza wanafunzi wawe wastaarabu hawaambii wawe Waarabu, lakini neno bado limebeba historia yake.

Maneno haya huwa hatari zaidi msimu wa uchaguzi. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, ambapo 'madoadoa' lilitumiwa kuwataja watu wa makabila mengine waliohesabiwa kuwa uchafu katika eneo fulani, Bunge lilipitisha sheria ya uwiano na utangamano ya 2008. Mnamo Aprili 2022, tume iliyoundwa na sheria hiyo, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Ndani yake mlikuwamo madoadoa, kafiri, wakuja na kauli ya kutaka wabara waende kwao. Ni orodha yenye funzo. Kafiri ni neno la imani, wakuja ni la mahali, madoadoa ni la nasaba, lakini yote yalikuwa na kazi moja: kumwambia jirani kwamba yeye si wa hapa.

Kuuliza kabla ya kujibu

Haiwezekani kuyafuta maneno haya wala kuyafungia katika maana moja. Lugha hukua kwa namna hiyo, na neno Mswahili litaendelea kumaanisha mambo matatu kwa watu watatu. Lililo katika uwezo wa kila mtu ni kutambua kipimo kinachotumiwa.

Karani anayeandika kitambulisho anatakiwa kupima uraia, wala si jina. Kadhi hupima ukiri wa wanaofika mbele yake. Mwalimu anayeona kilemba cha Mkorino, hijabu au nywele za rasta anaona mavazi na nywele, na huenda nyuma yake mna imani inayolindwa na Kifungu cha 32 cha Katiba. Familia inayobishana kuhusu kaburi ingeepuka miezi mingi ya mahakamani iwapo marehemu angeulizwa mapema, akiwa hai, ni kipimo kipi anachotaka kitumiwe kwake.

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Mtu akisema "yule ni Mswahili" au "yule hana dini", swali la kumrudishia ni fupi: kwa vipi? Kwa kuzaliwa, kwa kuamini, kwa kuenenda, au kwa kuandikwa? Aghalabu msemaji mwenyewe atagundua kwamba alikuwa hajawahi kujiuliza.